Amana Dukani: Haki ya Mwenye Mali na Haki ya Mtumishi

 

Ndugu zetu Waislamu, somo letu lahusu fedha ipitayo chini kwa chini, baina ya mtumishi wa duka na mtu aliuziaye duka hilo bidhaa au anunuaye kwalo, pasipo mwenye mali kujua. Watu wameipa majina mengi: cha juu, kitu kidogo, chai, kamisheni, asante. Majina haya yote ni matamu, na huo ndio ujanja wake, kwani jambo likipewa jina tamu moyo hauogopi kulitenda. Lakini jina halibadilishi kilichomo ndani ya chombo. Sumu haiwi asali kwa kutiwa katika chupa ya asali.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu twayaona madhara yake karibu yetu. Duka dogo halina akiba kubwa ya kuzibia hasara. Likivuja kila siku kidogo kidogo, siku moja hufungwa, na atokaye nje si mwenye duka peke yake: hutoka na mpishi, na mchukuzi, na mfagiaji, ambao hawakula hata senti moja ya haramu. Kisha tajiri aliyekwisha kuumwa huapa kwamba hatamwajiri tena mtoto wa jirani wala wa ndugu yake, na kijana mwaminifu akakosa kazi kwa dhambi ya mwenziwe. Hivyo khiyana ya mtu mmoja hukata riziki za wengi na kuvunja udugu wa mtaa mzima.

Hukumu ya Mtume (S.A.W.)

Mtu asidhani kwamba jambo hili ni geni, limekuja na biashara za siku hizi. Bukhari na Muslim wamepokea habari za mtu wa kabila la Azd, aitwaye Ibn al-Lutbiyya, ambaye Mtume alimtuma kukusanya zaka za Banu Sulaim. Aliporudi alihesabiwa, naye akaigawa mali mafungu mawili: hili ni lenu, na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume akamuuliza, kwa maana ya maneno yake, kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake, akaona kama zawadi hiyo ingemfikia. Kisha akasimama kuwahutubia watu, akawaonya kwamba mwenye kutwaa kitu kwa njia hiyo atakuja nacho Siku ya Kiyama amekibeba shingoni mwake.

Tuyatazame yaliyomo ndani ya kisa hiki. Kwanza, mtu huyu hakuficha. Alikuja na ile mali hadharani na kuitaja kwa ulimi wake. Pamoja na hayo alikataliwa. Basi itakuwaje hali ya yule afichaye? Pili, Mtume hakuuliza kama mtoaji aliridhika kutoa. Aliuliza sababu iliyomfanya atoe. Zawadi ile ilikifuata cheo, haikumfuata mtu. Tatu, kule kuhesabiwa kulikuwa jambo la kawaida: aliyetumwa akirudi, huhesabiwa, wala hapana aliyesema kwamba amevunjiwa heshima.

Kuna na kisa cha pili, nacho ni cha mtu aliyefaulu. Bukhari amepokea kwamba Mtume alimpa Urwa al-Bariqi (R.A.) dinari moja amnunulie mbuzi. Urwa, kwa ustadi wake, akanunua mbuzi wawili kwa dinari ile; akamwuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari pamoja. Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Sasa fikiri, ndugu msomaji. Lau Urwa angelikuwa na akili ya watu wengi wa leo, angelirudi na mbuzi mmoja, na dinari angeliitia mfukoni, akisema: bwana alitaka mbuzi, na mbuzi amempata, nimemdhulumu nini? Lakini Urwa alijua kwamba alitembea sokoni kwa mali ya mwenziwe, na faida huifuata mali. Alirudisha faida, akapata dua ya Mtume. Hiyo ndiyo kamisheni yake.

Na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamelipanga jambo hili katika mlango wa uwakala. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameeleza katika Minhaj at-Talibin kwamba wakili aliyeachiwa kuuza bila ya sharti hana ruhusa ya kuuza kwa mkopo, wala kwa bei yenye hasara iliyo dhahiri, wala kujiuzia nafsi yake au mwanawe mdogo. Sababu yake yafahamika. Mtu mmoja hawezi kukaa katika sahani mbili za mizani. Akiwa muuzaji atataka bei ipande, akiwa mnunuzi atataka ishuke. Basi asiachiwe mahali ambapo tamaa yake iko upande mmoja na amana yake upande wa pili.

Mizani ya kupimia

Hatusemi kwamba kila fedha apewayo mtumishi ni haramu. Dalali hula ujira wake halali, kwa kuwa muuzaji na mnunuzi wote wajua kuwa yeye ni dalali. Ili mtu aipime fedha iliyofika mkononi mwake, na ajiulize maswali manne. Je, mwenye mali ajua? Je, ningelipewa lau nimekaa nyumbani kwetu? Je, ni nani ailipaye mwishoni? Na je, imenifunga mkono, hata nikashindwa kusema kweli?

Mteja amekwisha kula katika hoteli, amelipa, akamwachia mtumishi wa mezani shilingi 50 kwa hisani yake, na mwenye hoteli ajua na ameruhusu. Hapana ubaya. Lakini mteja huyo akitoa shilingi 50 ili apakuliwe nyama ya watu wawili kwa bei ya mtu mmoja, basi ameinunua nyama ya mwenye hoteli kwa mtu asiyeimiliki.

Tutazame na fundi. Mtu ajenga nyumba, amwambia fundi: nenda uninunulie saruji, misumari na rangi. Fundi akenda katika duka la vifaa vya ujenzi, na mwenye duka akampa fedha kwa kumleta mteja. Ikiwa mwenye nyumba ameambiwa, naye ameridhika, huo ni udalali. Ikiwa amefichwa, na bei ikapandishwa ili ile fedha ipatikane, basi mwenye nyumba ndiye aliyeilipa bila ya kujua. Fundi amekula ujira wake mara mbili, na mara ya pili ameula kwa khiyana. Na mwenye duka aliyetoa ni mshirika wake, kwani imepokewa katika Hadithi kwamba mtoaji rushwa na mpokeaji wote wamelaaniwa.

Hesabu ya kidogo kidogo

Watu husema: ni kidogo tu, tajiri hata hatambui. Natufanye hesabu ya mfano. Tuseme hoteli ndogo ya Mombasa yamtuma mnunuzi wake kila alfajiri katika soko la Kongowea kuleta viazi, vitunguu, nyanya na mboga. Bidhaa za siku ni shilingi 12,000, naye huandika 13,200. Cha juu ni shilingi 1,200. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 31,200. Ikiwa mshahara wake ni shilingi 18,000, basi tajiri adhani kuwa mtu huyu amgharimu 18,000 na kumbe amgharimu 49,200. Na ikiwa hoteli ile ingelipata faida ya shilingi 3,000 kwa siku, basi sehemu mbili katika tano za faida zimekwenda kabla moto haujawashwa jikoni.

Wala hiyo si hasara yote. Muuzaji aliyempa cha juu sasa ni bwana wake. Akimtilia nyanya mbovu chini ya kreti hawezi kukataa. Akipunguza kilo mbili katika gunia hawezi kusema. Akitokea muuzaji mwingine mwenye bidhaa bora na bei nafuu hamtaki, kwa kuwa hana cha juu. Hoteli yapoteza fedha, yapoteza na ladha ya chakula, kisha yapoteza wateja; na tajiri amlaumu mpishi. Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Sisi twaongeza kwamba kila achovyapo, mkono wake huzidi kunata, hata siku akitaka kuutoa hauwezi.

Makosa ya mwenye mali

Sasa twageukia upande ambao wenye maduka wengi hawapendi kuusikia. Wako matajiri wampao mtumishi ujira usiomfikisha katikati ya mwezi, nao wajua haumfikishi. Ukiwauliza wacheka na kusema: huyo ana njia zake. Maneno haya ni mabaya kuliko wanavyodhani. Mwenye kuyasema amekwisha kuihesabu khiyana kuwa sehemu ya mshahara. Amefungua mlango kwa mkono wake, kisha apiga kelele za mwizi.

Alipochaguliwa Sayyidna Abubakar (R.A.) kuwa Khalifa mwaka 11 wa Hijra (632), aliamka akachukua nguo mabegani kwenda kuuza sokoni kama desturi yake. Sayyidna Umar na Abu Ubaida (R.A.) wakakutana naye, wakamwambia kwamba amekwisha kutwishwa mambo ya Waislamu. Akauliza: watu wangu nitawalisha nini? Ndipo akakadiriwa posho katika Baitul Mal. Tuone hekima yao. Hawakusema kwamba Abubakar ni Siddiq, haogopewi. Wala hawakusema kwamba mcha Mungu atavumilia njaa. Waliiondoa haja kwanza. Na katika Hadithi aliyoipokea Abu Dawud, maana yake ni kwamba mtu aliyepewa kazi na akakadiriwa riziki yake, atwaacho zaidi ya hapo ni ghululi, yaani khiyana katika mali ya amana. Tazama mpango wa maneno: riziki imetajwa kwanza, hukumu ikafuata. Mwenye kushika nusu ya pili ya Hadithi na kuiacha nusu ya kwanza ameigawa dini kama alivyogawa mafungu yake Ibn al-Lutbiyya.

Lakini mtumishi naye asilifanye jambo hili kuwa fatwa. Ujira mdogo haumhalalishii mali ya mtu. Ana njia za kudai: aseme na bwana wake waziwazi, aende kwa afisa wa leba, au atafute kazi nyingine. Aliyedhulumiwa na aseme. Asijigeuze kuwa kadhi wa kesi yake mwenyewe, akajihukumia usiku ndani ya kasha la fedha.

Kosa la pili la wenye mali ni hili: tajiri huyu huyu aliaye kwa kuibiwa dukani kwake, akitaka kuuza bidhaa zake katika shule au kampuni, humpelekea karani wa manunuzi wa huko bahasha. Na huipeleka kwa mkono wa nani? Kwa mkono wa mtumishi wake! Siku hiyo amemsomesha somo zima. Mtumishi amejifunza bei ya karani, namna ya kuandika ankara, na maneno ya kusemwa. Akirudi dukani, kwa nini asilitumie somo alilofundishwa na bwana wake?

Kosa la tatu ni tajiri kuchota katika kasha pasipo kuandika: leo mia tano ya kitoweo, kesho elfu mbili za harusi. Mwisho wa mwezi hesabu haikutani, na hapana ajuaye kama imepungua kwa mkono wa bwana au kwa mkono wa mtumishi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lisilomhusu mwenye duka ni nusu ya daftari.

Kuhesabiana si dhana mbaya

Wengine wataona haya. Watasema: huyu ni mpwa wangu, tumesali safu moja, nitamwambiaje alete risiti? Je, haikukatazwa dhana mbaya na kupelelezana katika Surat Al-Hujurat, aya ya 12? Twajibu kwamba aliyekataza dhana ndiye aliyeamrisha kuandikiana. Aya ya 282 ya Surat Al-Baqara, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Kurani, yaamrisha deni liandikwe, likiwa dogo au kubwa, na washuhudiwe mashahidi. Nayo yawaita walioamini. Basi kuandika hakukuwekwa kwa ajili ya wezi. Kumewekwa ili waaminio wasije wakadhaniana.

Tofauti ni hii. Ukimvizia mtu mmoja, ukapekua simu yake na kuuliza majirani juu ya viatu vyake vipya, huko ni kupeleleza. Ukiweka kanuni moja kwa wote, ikatangazwa tangu siku ya kwanza, ikamhusu mpwa na mgeni na hata wewe mwenyewe, hiyo ni hesabu. Kanuni hii humlinda mwaminifu kuliko mtu yeyote, kwa kuwa siku fedha ikipotea ana karatasi ya kumtetea. Mtumishi asiye na risiti hana ushahidi wa wema wake.

Halbadiri si daftari

Hapa hatuna budi kusema jambo litakalowachukiza baadhi ya watu. Wako wenye maduka ambao wakiona fedha zapungua hawafungui daftari, bali huenda kwa mwalimu kusomesha Halbadiri ili mwizi adhurike. Wengine hutundika hirizi juu ya kasha la fedha. Matokeo yake ni nini? Mtumishi akiumwa homa juma lile, hata akiwa hana hatia, hunyooshewa kidole mpaka mwisho wa maisha yake. Na mla cha juu, akikaa mwezi mzima bila ya kuumwa, hupata ujasiri mpya.

Watu wa Badri walikuwa mashujaa wa Uislamu, na heshima yao haimo katika kufanywa askari wa kulinda viazi. Ibn al-Lutbiyya hakusomewa kisomo, alihesabiwa. Mtume alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta umajimaji ndani, hakumroga yule mfanya biashara. Aliutia mkono wake, akatazama, akauliza, akakemea. Hiyo ndiyo Sunna: tia mkono ndani ya gunia.

Namna ya kuziba milango

Mwenye duka kubwa ana wakaguzi. Mwenye duka dogo ana watu watatu au wanne tu, lakini hata yeye aweza kufanya haya yafuatayo.

La kwanza, aajiri kwa sifa mbili alizosifiwa nazo Nabii Musa (A.S.) katika Surat Al-Qasas, aya ya 26: nguvu na uaminifu. Udugu haukutajwa hapo. Ndugu mwenye sifa hizo ni bora, ila asiye nazo, ndugu hazimgeuzi.

La pili, atenganishe mikono. Anayeagiza bidhaa asiwe ndiye anayezipokea na kuzipima, wala asiwe ndiye anayelipa. Kama watu ni wawili tu, mwenye duka ashike kulipa mwenyewe. Mnunuzi achague sokoni, mpishi apime kwa mizani na kukataa kibovu, na mwenye mali amlipe muuzaji moja kwa moja. Cha juu hukua pale ambapo kazi zote tatu zimo katika mkono mmoja.

La tatu, fedha zipite njia moja. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, malipo mengi ya maduka yetu hupita katika simu. Namba ya duka na ibandikwe mahali pa kuonekana, na mteja aambiwe asilipe kwa namba ya mtumishi hata akiambiwa kwamba mtambo umeharibika. Jioni, ujumbe wa malipo ulinganishwe na daftari la mauzo kila siku, si mwisho wa mwezi.

La nne, mwenye mali aijue bei. Mara moja kwa juma, pasipo kutaja siku, aende sokoni kwa miguu yake, aulize wauzaji watatu na kuandika. Asiyejua bei ya kitunguu hawezi kumshukuru mnunuzi mwaminifu wala kumtambua asiye mwaminifu.

La tano, aseme na wauzaji. Awaambie kwa maandishi kwamba duka lake halina cha juu. Punguzo lolote liandikwe katika risiti kwa jina la duka. Na atakayempa mtumishi chochote kwa siri biashara yake naye imekwisha. Watu wengi humkemea mtumishi na kumwacha muuzaji aendelee kuharibu wengine.

La sita, liwepo daftari dogo la zawadi. Sikukuu ikifika wauzaji huleta tende, halua, pengine na nguo. Ziandikwe, kisha zigawanywe kwa wafanya kazi wote. Kitu kilichogawanywa mbele ya watu hakimfungi mtu mkono.

Ujira unaovuta upande usiofaa

Kuna hasara nyingine isiyotokana na khiyana, nayo ni ya ujira uliopangwa vibaya. Mtu aweza kuwa mwaminifu, na ujira wake ukamvuta mbali na faida ya mwenye mali. Ukimlipa mwuzaji kwa kila kinachotoka dukani, atauza kwa mkopo hata kwa mtu asiyelipa, kwa kuwa yeye amekwisha kupata lake. Ukimlipa mshonaji kwa idadi ya nguo tu, mishono italegea. Na yatazame matatu: dereva akitakiwa kumpelekea mwenye gari kiasi maalumu kila jioni, na kinachozidi ndicho chake, atakimbiza gari na kupakia kupita kiasi. Mwenye gari hakumwambia akimbie, lakini ujira wake umemwambia.

Dawa yake ni kuuelekeza ujira pale pale faida ilipo. Mshahara uwe maalumu, umtoshe, na ulipwe kwa wakati wake, kwani Mtume ameamrisha mfanya kazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Juu ya mshahara, mwenye mali akitaka kuongeza motisha, aongeze kwa sharti zilizo wazi. Mwuzaji apate sehemu katika fedha zilizokwisha kupokewa, si katika madeni. Mnunuzi aliyepata bei iliyo chini ya bei ya soko apewe fungu lijulikanalo la kile alichookoa, kwa sharti mpishi awe ameikubali bidhaa; bila ya sharti hilo ataleta bidhaa rahisi mbovu. Mshonaji alipwe kwa nguo iliyokaguliwa ikapita. Fungu la kumi la faida ya mwezi, likitangazwa na kugawanywa mbele ya wote, laweza kuwafanya wafanya kazi walinde kasha kuliko kufuli, kwa sababu aibaye sasa huwaibia wenziwe.

Yaani kile kilichokuwa kikipita chini ya meza twakiweka juu ya meza, tukakipa kiasi, sharti na shahidi. Hapo huwa ni ujira wa halali, na mtumishi aweza kuwalisha watoto wake bila ya wasiwasi.

Sheria ya nchi, na toba

Watu wengi hudhani kwamba sheria ya hongo ni ya maafisa wa serikali tu. Sivyo. Sheria ya Hongo ya Kenya ya mwaka 2016 yahusu na biashara za watu binafsi. Yataka kila shirika liweke taratibu za kuzuia hongo kwa kadiri ya ukubwa wake. Na mtu mwenye mamlaka katika shirika hilo akijua au akishuku hongo, aiarifu Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi katika muda wa saa 24. Mtoaji na mpokeaji waweza kufungwa hadi miaka 10, au kutozwa faini hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili.

Lakini tajiri naye asiwe jaji na askari. Akipata shaka, athibitishe kwanza kwa karatasi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamtaka, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa la utovu wa nidhamu, amweleze kosa lake kwa lugha aifahamuyo, na amsikilize pamoja na mwenziwe wa kazi aliyemchagua. Sheria yetu ya dini nayo haihukumu kabla ya kusikia. Kumtangaza mtu msikitini, kumpiga, au kumzuilia mshahara wote kwa dhana, ni dhulma juu ya dhulma.

Na kwako wewe mtumishi uliyekwisha kula: mlango wa toba haujafungwa, ila una kizingiti. Haki ya kiumbe hairudi kwa istighfari peke yake. Ni lazima uiache dhambi, ujute, uazimie kutorudia, na urudishe mali kwa mwenyewe au umwombe akusamehe. Wala mtu asidhani kwamba akitoa sehemu yake kujengea msikiti itatakasika. Imesihi katika Hadithi kwamba Mwenyezi Mungu haikubali sadaka itokayo katika ghululi. Kama huna cha kurudisha kwa mara moja, patana na mwenye mali urudishe kidogo kidogo, kama ulivyochukua kidogo kidogo. Na ewe mwenye mali, ukijiwa na mtu wa namna hiyo, usimvunje. Aliyerudi mwenyewe na risiti ya dhambi yake mkononi huenda akawa mwaminifu wako kuliko wote.

Mambo ya kuzungumza katika darasa

Twawaomba wenzetu watakaolisoma somo hili katika vikao vyao wazungumze haya. Katika kazi yangu, ni wapi ambapo mkono mmoja waagiza, wapokea na kulipa? Je, nimewahi kutuma au kupeleka bahasha kwa mtumishi wa mtu mwingine? Ujira ninaotoa, au ninaopokea, wamvuta mtu upande gani? Na risiti za mwezi uliopita, zi wapi?

Yule ambaye hana jibu la swali la mwisho na aanze nalo, kesho asubuhi, kabla ya kufungua duka. Twamwomba Mwenyezi Mungu atubarikie katika kidogo cha halali, na atukinge na kingi cha haramu. Wabillahi tawfiq.